Msalaba una jina langu

Nina barua mbili mezani. Ya kwanza ni fupi, niimalize upesi, maana ya pili imenikalisha siku nne bila kushika kalamu.

*

"Shikamoo mama. Nafanya kazi kiwanda cha chai huku Njombe. Rafiki yangu niliyekua naye tangu chekechea amefariki Songea. Nimeomba ruhusa ya siku tatu nikamzike, afisa utumishi ananiuliza, 'Ni nani yako?' Nikasema rafiki. Akacheka. Sheria inasemaje?
Kijana wa Njombe"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kule kucheka ni utovu wa adabu, lakini kwenye sheria amesimama pagumu kumng'oa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo akiuguliwa au kufiwa na mtoto, au akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Orodha inaishia hapo. Mama mkwe hayumo, shemeji hayumo, rafiki ndiyo kabisa. Ndiyo maana maofisini bibi za watu hufa mara mbili mbili. Nilifundisha na mwalimu aliyemzika bibi mzaa mama mara tatu, na kila mara mwalimu mkuu alimpa pole kwa uso mkavu.

Wewe usimuue bibi yako. Sheria hiyo hiyo inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Andika barua, omba siku tatu zikatwe humo, na penye sababu andika "rafiki" bila kuona haya. Ukikosa maziko, nenda baadaye. Mama yake rafiki yako atakuwa bado yupo pale pale, na watu watakuwa wamepungua.

*

"Shikamoo dada. Ugonile. Nina miaka 58, nauza viazi Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Anayeandika ni mwanangu, mimi nasema tu, maana macho yangu na simu havipatani.

Mwezi wa sita mwaka huu nilifiwa na mwenzangu. Tuliandikishwa darasa la kwanza siku moja, Januari 1975, shule moja huko Rungwe, na tulikuwa na jina moja. La kwanza moja na la ukoo moja, wala hatukuwa ndugu. Kwetu majina ya ukoo unayajua yalivyojaa. Mwalimu aliita jina tukasimama wawili. Akatutazama, akasema, 'Wewe Mrefu, wewe Mfupi, kaeni.' Mimi ndiye Mfupi. Sisi wenyewe tukaitana Wajina. Miaka hamsini sikuwahi kumwita kwa jina lake hata mara moja, naye vivyo hivyo.

Nikueleze alikuwa mtu wa namna gani. Miaka ile sabuni ilipoadimika, 82, 83, mama yake akibahatika kupata mche mmoja, Wajina alikuwa anaupima kwa shibiri, anaukata katikati kwa uzi, nusu ananiletea imefungwa kwenye jani la mgomba. Mwanjelwa ilipoungua mwaka 2006 nilibaki na kanga niliyovaa na deni la magunia. Yeye alikuwa na meza ya vitunguu hapa Uyole. Asubuhi yake akanivuta mkono, akachora mstari wa chaki katikati ya meza yake, akasema, 'Wajina, huku kwako, huku kwangu, ukivuka nakuchapa.' Ndiyo sababu nipo Uyole mpaka leo. Ile chaki tuliirudishia mara nyingi tu, hata nilipokuwa na meza yangu.

Aliumwa sukari muda mrefu, mwisho ikaenda kwenye figo. Tulimzika kwa mume wake, Rungwe, migombani. Ukungu ulikuwa mzito, jeneza hatukuliona mpaka lilipotufikia.

Siku zote tatu nilikuwa jikoni. Namenya ndizi, nakoroga uji. Wafiwa wako ndani kwenye magodoro, watu wanapanga foleni kuwapa pole. Mimi nilipewa pole na mtu mmoja, kijana aliyekuwa anapasua kuni. Kaburini MC akaita mashada: watoto, ndugu, ukoo wa mume, wakwe, kanisa, kikundi cha kukopeshana, ofisi ya binti yake. Alipofika kwa marafiki akaangalia saa. 'Marafiki na majirani, kwa kuokoa muda, mwakilishi mmoja.' Akapita mama mmoja jirani aliyehamia pale mwaka jana. Mimi nilikuwa na shada langu mkononi, nililisuka mwenyewe usiku kwa maua ya uani kwangu. Nikarudi nalo kwenye Noah mpaka Uyole. Liko juu ya friji, limekauka, kulitupa siwezi.

Na msalaba, dada. Msalaba una jina langu. Jina langu, la ukoo wangu, 1967 niliozaliwa mimi, halafu 2025. Tangu siku ile mtu akiniita sokoni nashtuka.

Sasa miezi mitatu imepita. Dada zake wamerudi kwenye shughuli zao, wanacheka. Mimi sijaweza. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, ananiambia nimekuwa kama mjane. Mama mmoja hapa sokoni akanipa za uso: hata ndugu zake wametulia, wewe unataka nini? Mwanangu huyu aliye chuo anasema kuna hatua tano za huzuni, ananiuliza nipo ya ngapi. Usiku namsikiliza Wajina kwenye simu. Zimebaki sauti zake 43 kwenye WhatsApp, nyingi anagombana na mimi kuhusu bei. Na mimi namtumia. Nikifunga biashara namwambia leo gunia limekwenda bei gani, nani kaja na lumbesa. Tiki inabaki moja.

Mwisho nina sufuria lake kubwa la kupikia watu arobaini. Alinikopesha mwezi wa tano kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wangu. Nililipeleka msibani nikapikia watu waliokuja kumzika, na baada ya hapo nikalirudisha kwangu kwa mazoea. Binti yake anakaa Ilomba, hajaliulizia. Kila nikiingia jikoni naliona.

Nifanyeje, dada? Haya ninayofanya ni ya mtu timamu?
Wajina Mfupi, Uyole"

Marahaba, mdogo wangu. Nimegona, ndaga. Pole. Naomba hiyo pole uipokee taratibu, maana kwa hesabu zangu ni ya pili tu baada ya ile ya kijana wa kuni.

Nimeisoma barua yako hapa Iringa, barazani, jua la asubuhi likipanda kutoka nyuma ya mawe ya Gangilonga, nikafika kwenye "wewe Mrefu, wewe Mfupi" nikaiweka chini. Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu mpya kabisa. Azimio la Musoma lilikuwa limepita Novemba 1974, likitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na sisi wa shule za msingi tukafurikiwa. Nilikuwa na watoto zaidi ya themanini na madawati kumi na tano. Wenye majina yanayofanana niliwagawa hivyo hivyo, kwa jicho moja: Mrefu, Mfupi, Wa Dirishani, Wa Mlangoni. Nilikuwa nimetoka Rungwe, lakini nilipangiwa shule ya upande wa Mufindi, kwa hiyo aliyewaita ninyi si mimi. Angalau nadhani hivyo. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba mtoto anaweza kuondoka na neno langu la haraka haraka akalitumia miaka hamsini.

Huyu mwandishi wako wa chuo nimjibu kwanza, maana ndiye anayesoma kwa sauti. Mwanangu, hizo hatua tano zilitolewa mwaka 1969 na daktari aitwaye Elisabeth Kübler-Ross, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakufa wao wenyewe. Waliobaki wakawekwa humo baadaye. Mama yako usimpimie hatua kama unamsubiri kituo cha daladala. Huzuni yake kesho itakuwa Kabwe, jioni imerudi Uyole, Jumapili iko Mwanjelwa. Wewe mwandikie barua zake na umwekee vocha.

Sasa wewe, Mfupi.

Umeniambia mume wako anasema umekuwa kama mjane, na nahisi umelichukua kama lawama. Mimi nadhani mzee amesema kweli kuliko watu wote waliokuja msibani. Kiswahili kina mjane, kina mgane, kina yatima. Aliyefiwa na rafiki hana jina. Tunamwita jina lake la kila siku, aendelee kumenya ndizi. Mtani ana nafasi yake msibani, tena kubwa: huku Uheheni nimemwona mtani akishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali na kukataa kutoka mpaka alipwe elfu kumi, na watu wazima wakachangishana kwa heshima zote. Mpishi ana nafasi yake. Mwenye gari la kubeba maturubai anatajwa kwenye shukrani. Rafiki wa miaka hamsini anawakilishwa na jirani wa mwaka jana ili kuokoa muda. Muda wenyewe wa kwenda wapi, sijui. Watu walikuwa wanakwenda kula, na chakula ulikuwa umepika wewe.

Simlaumu sana huyo MC, alipewa karatasi. Walioandika karatasi walikuwa ndani kwenye magodoro, na wewe ulikuwa nje kwenye moshi. Hakuna aliyekufukuza. Ulikwenda jikoni mwenyewe kwa sababu mikono ilitaka kazi. Ningefanya hivyo hivyo.

Babu yangu alizaliwa zama ambazo Wanyakyusa bado walikuwa wanakaa kwa vijiji vya rika. Mvulana akifika miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa baba yake, akaenda na wenzake kujenga vibanda pembeni. Mwanzo vya kitoto, vya kulala tu, chakula wanakwenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima. Wakikua wanaoa pale pale, wanalima pale pale, wanazeeka pamoja. Utamu wa kukaa hivyo na wenzako, mkila na kupiga soga, ulikuwa na neno lake: ukwangala. Babu alilitamka kwa namna ambayo sisi tunataja nyama. Nilipomuuliza, na sisi wanawake je, akanitazama kama niliyeuliza bei ya mvua. Sisi tuliolewa. Tulihamia kwenye kijiji cha rika la mume, na wa rika letu wakatawanyika kila mmoja na ndoa yake. Kwa hiyo nikikuona wewe na Mrefu mmeng'ang'aniana tangu darasa la kwanza, kupitia waume wawili, uhaba wa sabuni na soko lililoungua, mpaka mkaishia meza moja yenye mstari wa chaki, naona mlijijengea kile kijiji bila mtu kuwakatia eneo. Na sasa umebaki mtu mmoja kijijini. Unauliza kama ni timamu kulia.

Ni timamu. Kwa sababu umeuliza moja kwa moja, nikujibu na upande wa hospitali. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na humo wameweka huzuni ya kufiwa iliyokwama: ile inayomshika mtu kwa miezi sita au zaidi, kupita desturi za watu wake, mpaka kazi na maisha vinasimama. Wewe una miezi mitatu, unafungua biashara, unajua bei ya gunia, unamtambua mwenye lumbesa. Uko mbali na hapo. Ila ukiona chakula hakipiti, usingizi umekimbia wiki nzima nzima, au mawazo yanaanza kukuambia ni bora umfuate, usingoje miezi sita itimie wala usiniandikie mimi. Mwambie mume wako siku hiyo hiyo akupeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya, ueleze hivyo hivyo ulivyonieleza. Huko wanasikiliza habari za namna hii kila siku.

Sauti 43. Hapa mwandishi achukue maelekezo: leo, kabla ya kulala, zihamishe zote. Ziweke kwenye kompyuta ya chuo au kwenye memori kadi, na nakala nyingine kwa mtu mwingine. Simu ya sokoni ina maadui wengi, mvua, vibaka na ndoo ya maji. Nilikuwa na kaseti moja ya marehemu kaka yangu akiimba kwaya, mjukuu akaivuta utepe wote akafungia kuku miguu. Namkumbuka yule kuku vizuri kuliko ninavyoikumbuka sauti.

Kumtumia bei jioni, sioni kosa. Umefanya hesabu naye miaka yote hiyo, leo umfungie mahesabu kwa sababu gani? Lakini ujue jambo moja lisije likakuangusha. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huifunga, na namba baadaye hupewa mteja mwingine. Siku moja utasema gunia limepanda, na tiki zitakuwa mbili, na kijana asiyekujua atakujibu, "Nani mwenzangu?" Ninavyokufahamu kwa barua hii, utakaa chini katikati ya barabara. Kwa hiyo uanze taratibu kuhamia kwenye daftari la mauzo. Kurasa za mbele za wateja, za nyuma za Wajina. Tarehe, bei, nani kaja na lumbesa. Chora mstari katikati ya ukurasa kama unataka.

Sasa nije kwenye lile ninalolijua kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2011 nilifiwa na wangu. Mhehe, wa Mafinga. Tulikutana chuo cha ualimu, kitanda cha juu na cha chini, na kwa miaka yote niliyomjua hakuna asubuhi niliyomtangulia kusema kamwene. Alipokufa nilizika, nikarudi, nikakimbia. Kutoka hapa Iringa mjini kwenda Mafinga ni kilomita themanini hivi, unapanda basi asubuhi unarudi kula chakula cha mchana kwako. Miaka mitatu sikukanyaga. Nilijiambia watoto wana huzuni yao, nisiende kuwaongezea yangu. Huo ulikuwa uongo wa kistaarabu. Binti yake wa pili anacheka kama mama yake, kicheko chenye kwikwi mwishoni, na mimi nilikuwa naiogopa ile kwikwi.

Nikakutana naye mwaka 2014, kwenye foleni benki. Akanipa shikamoo ya mtu wa kikao. Nikamwuliza habari za nyumbani, akanijibu za kutosha tu, kisha akasema, bila ubaya wowote, "Tulidhani wewe na mama mlikuwa wa kazi tu." Wa kazi tu! Mama yake ndiye aliyelala sakafuni kwangu wiki mbili nilipotoka kujifungua mtoto ambaye hakulia. Alikuwa ananikamua maziwa kwa mkono, usiku, tukiwa hatusemi kitu, anayamwaga nje kwenye mahindi. Mtoto wake angelijuaje hilo? Mama yake hakuwa mtu wa kusimulia wema wake, na shahidi wa pili alikuwa mimi, nimejificha Iringa.

Nilimweleza pale pale kwenye foleni. Tukapitwa na watu sita.

Kwa hiyo nenda Ilomba, Mfupi. Nenda upesi kuliko mimi. Yule binti ana mama mgonjwa wa sukari kichwani mwake, miaka ya mwisho ya kliniki na vidonge. Hajui habari ya uzi na mche wa sabuni, wala hajui kwamba mama yake aliwahi kuitwa Mrefu. Nina hakika hajui, kwa sababu watoto hawajui majina yetu ya shule. Na angelijua, pengine lingeandikwa mahali.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye msalaba. Kuhusu kusoma jina lako mwenyewe kaburini, sina dawa, na atakayekuambia anayo mwogope. Lakini ule wa mbao ni wa muda. Familia nyingi kwetu hujengea kaburi baada ya mwaka au zaidi, saruji na vigae, na hapo ndipo maandishi ya kudumu huwekwa. Wazungumze wewe na binti kabla fundi hajaitwa. Mwombe waongeze neno moja chini ya jina: Mrefu. Fundi hawezi kudai hela nyingi kwa herufi tano. Halafu ukifika pale, utasoma la kwanza, utasoma la ukoo, moyo utaruka, kisha jicho litashuka kwenye Mrefu, na utajua ni nani aliyelala hapo na ni nani aliyesimama.

Shada lipeleke hivyo hivyo lilivyo kavu. Ukiona vigumu kwenda peke yako kwenye mji wa watu, ngoja Pasaka. Kama familia ni Wamoravian, unaijua ile ibada ya alfajiri makaburini, giza bado, watu wamevaa makoti na kushika tochi, wanaimba jua likitoka. Mwakani, 2026, Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Siku hiyo kila mtu yuko kaburini, hakuna MC wa mashada, na haulizwi mtu wewe nani wa marehemu. Ila kama unaweza mapema, Noah za Tukuyu zinapita mbele ya meza yako kutwa.

Yule mama wa sokoni aliyekuuliza unataka nini, mwachie aendelee na biashara yake. Nina hakika naye ana mtu wake wa kukata naye sabuni, na hajafikiwa bado. Siku akifikiwa, mpe pole. Mpe wewe wa kwanza.

Limebaki sufuria. Umelipikia kipaimara, umelipikia msiba wa mwenyewe, na sasa unalitazama kama deni. Usimpe bodaboda alipeleke. Wala usilirudishe tupu, hilo umelelewa unalijua. Lisugue kwanza kwa majivu mpaka ling'ae. Lijaze viazi, vile unavyovichagua kwa mkono kwa ajili ya watu wako, vya kulingana, visivyo na macho ya kijani. Juu weka vitunguu kilo moja, kwa sababu meza ile nusu ilikuwa ya vitunguu. Panda bajaji, wewe na sufuria, hadi Ilomba, siku ya Jumapili mchana ambapo yule binti hayupo ofisini.

Akifungua mlango atakuamkia kwa jina ambalo watu wote wanakuita. Mwitikie, kisha mwambie ulivyokuwa ukiitwa na mama yake. Kaeni mmenye hivyo viazi wenyewe, maana watoto wa mjini ukiwaachia wataviweka mpaka viote. Mkiwa mnamenya, mikono iko kazini, maneno yatatoka. Anza na sabuni. Ya chaki iache mwisho.

Na akikuambia ubaki nalo, kwamba kwenye nyumba ya vyumba viwili hana pa kuliweka sufuria la watu arobaini, usibishane naye. Chukua, rudi nalo Uyole. Lakini lifike kwake kwanza, limejaa.